Kaa Niliyemgandisha

Saa nane na robo usiku nimepiga magoti sebuleni, tochi mkononi imezungushiwa karatasi nyekundu ya chokoleti, pumzi nimezibana kana kwamba kuna atakayenisikia. Taa za tangi langu la matumbawe hai zilikuwa zimezimika tangu saa nne. Kwenye ukingo wa tumbawe langu la sahani, kaa mdogo kama kifungo cha koti alikuwa amejikita, miguu kaipanua, makucha yake mawili yanakwenda mbele na kurudi, mbele na kurudi, bila haraka, kama mama anayechambua mchele.

Pale alipokuwa akichambua, tumbawe halikuwa na ngozi tena. Lilikuwa jeupe. Mfupa mtupu.

"Nimekukamata," nikamwambia, kwa sauti kabisa.

Mume wangu akauliza kutoka chumbani nazungumza na nani.

Hizo ni wiki saba sasa. Nimeanza kuandika habari hii mara nne na kuifuta, maana kila nikifika kwenye sehemu ya friji mkono unakuwa mzito.

Watuhumiwa

Mnaonisoma tangu zamani tangi mnalijua: lita 300, nyuzi joto 25, mtoto wa Paje, Zanzibar, anayeishi Milton Keynes, Uingereza, na kununua bahari kwa ndoo ya chumvi ya kilo 20. Shangazi yangu hajamaliza kunicheka kwa hilo mpaka leo. Mume wangu analiita "bahari yako ya umeme", na bili ikija hulitaja kwa majina mengine.

Tumbawe lenyewe ni Montipora, rangi ya chungwa lililoiva, limejikunja sahani juu ya sahani. Nililipata likiwa na ukubwa wa sarafu. Baada ya miaka miwili lilikuwa limepita kiganja kilichokunjuliwa, na nilikuwa nalionyesha wageni kabla sijawaletea chai.

Kisha ukingo wa chini ukaanza kuwa mweupe.

Mwanzo ni mstari mwembamba kama uzi. Nikachukua kalamu ya wino nikaweka alama kwenye kioo, usawa wa pale weupe ulipoishia. Baada ya siku nne weupe ulikuwa umeipita alama kwa upana wa kidole. Nikaweka alama nyingine. Mpaka leo kioo cha upande ule kina vistari kama ukuta wa mfungwa anayehesabu siku.

Nikapima maji asubuhi na jioni. Chumvi sawa, chokaa sawa, joto sawa. Nitasema ukweli: nilitamani yawe mabaya, ili nirekebishe niendelee na maisha. Lakini yalipoonekana mazuri, moyoni nilifurahi zaidi. Maji hayana uso. Sasa nilikuwa na ruhusa ya kumtafuta mwenye uso.

Tangi la matumbawe lina wakazi wengi usiowanunua. Wanakuja ndani ya mawe, chini ya vipande, kwenye vitundu ambavyo hata sindano haiingii. Nilianza na minyoo wa manyoya, wale wenye vioo vidogo ubavuni vinavyowasha vidole. Niliwaona wawili wamejilaza kwenye sehemu iliyokufa, nikawavuta kwa kibano. Mnyoo yule kazi yake ni kula mizoga; kumkuta kwenye tumbawe linalokufa ni kama kumkuta tumbusi kwenye mzoga wa ng'ombe. Hilo nilikuwa nalijua. Niliwavuta hata hivyo.

Kisha wakaja viti vya pweza, wale wa umbo la nyota, wadogo wasiozidi ukucha, wanaojigawa wenyewe na kuzaliana mpaka ukaishiwa na hesabu. Jamaa yao mkubwa, yule wa miiba, sote tuliokulia ufukweni tunajua anavyofanya: anapanda juu ya tumbawe, analitoa tumbo lake nje ya mwili, analiyeyusha tumbawe palepale na kuacha duara jeupe. Mmoja tu humaliza mita kadhaa za mraba kwa mwaka. Wa kwangu wengi wao wanalamba kioo na mwani. Lakini jina la ukoo liliwaponza, na asubuhi moja nilitoa thelathini na kitu kwa mpira wa kunyonyea maji.

Weupe ukaendelea.

Ndiyo nikaanza kuamka usiku.

Kijiti cha mshikaki

Kaa yule alikuwa anaishi kwenye tumbawe jingine, Pocillopora ya matawi ya waridi iliyokaa bega kwa bega na ile ya sahani. Alikuja nalo ndani. Mchana humwoni, ila ukiinama sana unapata jicho moja na ncha ya kucha. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nikimsahau na kumkumbuka, kama jirani wa ghorofa ya juu.

Asubuhi ile, baada ya kumwona usiku, nililitoa tumbawe lake zima nikaliweka kwenye beseni la maji ya tangi jikoni. Nikachukua kijiti cha mshikaki.

Bibi yangu alikuwa akienda pwani bamvua likitoka, mchokoo mkononi, akichokoa pweza kwenye mashimo. Nimemfuata mara nyingi nikiwa mtoto, kazi yangu kubeba kikapu. Pweza ukimgusa hujikunja, hushika, kisha hutoka. Huyu kaa hakutoka. Aliuma kijiti. Nikakivuta, akakiachia, akarudi ndani zaidi, nikamfuata upande wa pili, akazunguka akanikabili tena na makucha yote mawili. Mnyama wa ukubwa wa kifungo, dhidi ya mtu mzima aliyevaa glavu za kuoshea vyombo.

Dakika ishirini.

Nilipomtoa nilimtia kwenye kikombe cha plastiki, na hapo chini ya taa nyeupe ya jikoni nikaona kitu. Kaa niliyemwona usiku alikuwa mweupe uliofifia, hana alama. Huyu alikuwa na madoa mekundu mwili mzima, ya duara, kama mtu amempulizia rangi. Na gamba lake lilikuwa laini, linang'aa, halina unywele hata mmoja.

Niliona. Sitaki kuandika hapa kwamba sikuona.

Kila mfugaji wa matumbawe hufundishwa mapema: kaa mwenye manyoya na ncha nyeusi za makucha mshuku, kaa laini anayeishi ndani ya Pocillopora mwache. Nilisimama na kikombe mkononi labda dakika nzima. Kisha nikajiambia ni taa tu, nikajiambia nilimwona kwa macho yangu, nikafungua friji, nikamweka sehemu ya barafu, nyuma ya mfuko wa njegere.

Kuhusu taa nilikuwa sahihi, na ndiyo inayoniuma. Ukimmulikia kitu chekundu kwa mwanga mwekundu, wekundu wake hauonekani. Unapauka ukawa sawa na kilicho jirani yake. Kwa hiyo kaa wa usiku na kaa wa kikombeni walikuwa mmoja. Ila nilichopaswa kusoma kwenye yale madoa lilikuwa jina lake. Ni Trapezia, mlinzi wa lile tumbawe.

"Na chini yake umetazama?"

Siku tisa baada ya friji, nikaweka alama mpya kwenye kioo. Weupe ulikuwa umesogea haraka kuliko mwanzo.

Nilimpigia shangazi jioni ile kwa jambo jingine kabisa, mambo ya harusi ya binamu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko kwenye baridi? Na hilo gudulia lako la chumvi?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote: vistari, tochi, kaa, friji. Yeye bado anashuka pwani, si kwa pweza tena, magoti hayamruhusu, lakini hushuka. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo kwake ni la kutia wasiwasi.

"Na chini yake umetazama?"

"Chini ya nini?"

"Ya jiwe, mwanangu. Wewe hukwenda pwani na bibi yako?"

Nilikwenda. Bibi alikuwa akigeuza jiwe kwa mikono miwili, akitazama, akichukua alichokifuata, kisha akilirudisha lilivyokuwa, uso wa jua juu, uso wa kivuli chini. Akiona mtoto ameliacha jiwe limegeuzwa alikuwa akirudi hatua ishirini kulirudisha yeye mwenyewe. Walio chini wakipigwa na jua wanakufa, alikuwa akisema, na sisi tulidhani anaongea habari za huruma. Alikuwa anaongea habari za chakula cha bamvua lijalo.

Mimi tumbawe langu nililigandisha kwa gundi kwenye mwamba miaka miwili iliyopita. Tangu siku hiyo nimelitazama kwa mbele tu, kama picha ukutani.

"Haya shangazi," nikasema, "nitalitazama."

"Na yule kaa maskini?"

Sikuwa na la kumjibu. Akahamia kwenye habari za mchele wa harusi.

Chenga za mchele

Ilibidi patasi. Gundi ilikatika kwa mlio ulionitoa jasho, na sahani moja ikavunjika pembe. Nikaligeuza juu ya beseni, uso wa chini ukanielekea, wa kijivujivu, wenye mwani na vijitundu. Sikuona kitu. Nilitazama mpaka shingo ikauma. Nikasema basi, hata shangazi hukosea.

Kisha chenga moja ya mchele ikasogea.

Walikuwa weupe weupe uleule wa mfupa wa tumbawe, urefu wa milimita chache, mgongo wote umejaa vijidole vilivyosimama kama glavu iliyopuliziwa hewa. Koa wa baharini. Mmoja akawa wawili, wawili wakawa watano; jicho likishazoea umbo, haliwezi tena kutoliona. Nilihesabu kumi na moja. Kati yao, kwenye mikunjo, vifurushi vya mayai, vidogo, vyeupe, vimebandikwa kwa ustadi ambao ningeusifu kama vingekuwa kwenye tangi la mtu mwingine.

Wafugaji wanamjua koa huyu kwa miaka mingi, anakula Montipora na jamaa zake tu. Wanasayansi walimpa jina rasmi mwaka 2020: Phestilla subodiosa. Hilo neno la pili ni Kilatini, maana yake ni mwenye kukera kidogo.

Kidogo!

Anakula kutoka chini kwenda juu. Mchana hujificha upande wa kivuli, usiku husogea ukingoni, akishiba anarudi. Ndiyo sababu mstari wangu mweupe ulianzia chini. Ulikuwa ukinionyesha njia tangu siku ya kwanza, na mimi nilikuwa nikiutazama kama kidonda tu.

Waliingiaje? Hilo nalo nalijua, na sijui kwa nini nimelichelewesha mpaka hapa. Sikukuu ya Idi iliyopita mfugaji mwenzangu alinipa kipande cha Montipora ya kijani, zawadi. Nilikiogesha dawa dakika tano badala ya kumi na tano kwa sababu wageni walikuwa mlangoni, sikukitoa kwenye kigingi chake, yaani kile kishikizo kinachobandikiwa, na tangi la karantini nililonunua kwa mbwembwe lilikuwa limejaa nguo za watoto zilizopitwa na umri. Dawa huangusha koa. Mayai haiyagusi. Mayai yalikuwa chini ya kigingi, na kigingi nilikibandika mwenyewe, sentimita kumi kutoka kwenye tumbawe lililokuwa fahari yangu.

Alikuwa anafanya nini pale?

Hapa ndipo nimekwama kwa wiki hizi zote.

Kaa wa Trapezia hula ute wa tumbawe lake na mafuta ambayo tumbawe humtengenezea kwenye ncha za minyiri yake midogo. Kwa malipo hayo analinda. Peter Glynn, aliyechunguza matumbawe ya upande wa Pasifiki wa Panama, alieleza tangu miaka ya 1970 jinsi kaa hawa pamoja na kamba wadogo wanaolia kama kidole kinachodata wanavyomkabili kiti cha pweza wa miiba akijaribu kupanda Pocillopora yao: wanambana miguu, wanang'ata miiba, mpaka anakwenda kutafuta mlo pengine. Kaa wa ukubwa wa kifungo.

Kwa hiyo kwa nini usiku ule alikuwa nje ya nyumba yake, juu ya tumbawe la jirani, palepale koa wanapopandia?

Huenda alikuwa anaokota makombo. Ngozi ya tumbawe inayooza ina harufu, na kaa si malaika. Huenda kweli alikuwa akinyofoa nyama iliyokwisha legea. Au huenda yale makucha yanayokwenda mbele na kurudi yalikuwa yanafanya kazi niliyoamka usiku kuifanya mimi. Matumbawe yale mawili yalikuwa yamekaribiana mpaka kugusana. Kwa akili ya kaa, mpaka wa nyumba yake ungeweza kuwa umeshavuka.

Siku tisa baada ya kumwondoa, weupe ulikimbia. Inaweza kuwa kwa sababu mayai yaliangua wakati huohuo. Nimejaribu kuliamini hili, na kuna siku naliamini.

Simwombolezi kaa kupita kiasi. Nimekula wenzake kwa nazi na pilipili, na nitakula tena. Kinachonikera ni ile dakika moja jikoni, kikombe mkononi, madoa mekundu yananitazama, na mimi tayari nina hukumu inayotafuta mtu wa kuibeba.

Kikande

Kule kwetu nimewahi kufanya kosa hilihili bila kujua, kwa maneno tu. Sote tuliochomwa miguu na wale wanyama wa duara kama mpira, wenye miiba mirefu myeusi, tunawachukia, na wakizidi kwenye mwamba tunasema wao ndio wanaoumaliza. Wanaukwangua kweli, mpaka mwamba unakonda. Lakini Tim McClanahan, aliyeanza kuchunguza miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, alionyesha kwamba wamejaa pale ambapo uvuvi umemmaliza kikande, samaki anayewapindua na kuwavunja. Penye hifadhi, kikande yupo na wenye miiba ni wachache. Ukiwaokota wote leo bila kikande kurudi, kesho kutwa utaokota tena. Mwaka 1994 huyohuyo aliandika kwamba Drupella, konokono anayekula tumbawe hai kwelikweli, alikuwa anaongezeka ndani ya miamba ya Kenya, na hapo swali likawa lilelile: nani hayupo?

Kwenye tangi langu jibu la "nani hayupo" lilikuwa kwenye friji, nyuma ya njegere.

Lakini nisijidanganye, kaa mmoja hawezi kumaliza koa waliokwisha kutaga. Tangi si mwamba. Mwamba wa Paje una maelfu ya midomo inayopita usiku mzima. Mimi nina samaki saba, wawili kati yao wanaogopa kivuli changu. Penye bahari kuna anayekula mlaji. Kwenye lita 300 nafasi hiyo ni yangu, kwa mswaki na saa ya ukutani.

Bafu

Kwa hiyo nikaanza. Bafu la iodini, rangi ya chai ya rangi, harufu ya zahanati. Tumbawe ndani dakika kumi na tano, napuliza kwa mpira, chenga zinaanguka moja moja chini ya beseni na kujikunja. Kisha mswaki wa watoto kwenye kila mkunjo. Pale mswaki usipofika nilivunja, maana yai moja lililobaki ni kuanza upya. Sahani tatu zilikwenda hivyo. Montipora ya kijani ya Idi nilikata kigingi chote nikakitupa.

Narudia kila siku ya sita, mayai yakiangua niwakute kabla hawajakua wa kutaga. Bafu la kwanza walianguka kumi na wanne, watatu zaidi ya niliowahesabu. La pili sita. La tatu wawili, wadogo kama ncha ya sindano, niliwaona kwa miwani ya kusomea ya mume wangu, ambaye siku hizi anauliza "wangapi?" kabla ya kuuliza chakula. La nne na la tano, sikuona hata mmoja. Nitafanya la sita na la saba.

Tumbawe limebaki nusu. Ukingo wake umeanza kuvimba kidogo, rangi ya chungwa inarudi juu ya mfupa kama ukoko. Sijaligandisha tena, limekaa tu juu ya jiwe bapa, ili nilinyanyue.

Jioni

Kuna utafiti mmoja niliousoma wiki ya tatu, na afadhali ningeusoma mapema au nisingeusoma kabisa. Mwaka 2006 watafiti waliofanya kazi Moorea, Polinesia ya Kifaransa, walichapisha matokeo ya kuwaondoa kaa hawa kwenye matumbawe ya matawi na kuyaacha baharini. Sehemu kubwa yalikufa ndani ya mwezi. Hawakuja walaji wakubwa wa kutisha. Ilikuwa mchanga na taka: vumbi la bahari lililotua kati ya matawi bila mtu wa kulitoa. Kaa walikuwa wakilisukuma nje, usiku kucha, chembe kwa chembe.

Nikaenda kutazama Pocillopora yangu. Mle ndani, kati ya matawi ya waridi, pale penye lile jicho moja na ncha ya kucha, palikuwa pamejaa utando wa kijivu.

Dukani wanao kaa wa aina yake. Nimemwona mmoja, hana madoa. Nimeingia mara mbili, nikatoka na chumvi.

Kwa sasa, kila jioni baada ya isha, nachukua mpira wa kunyonyea maji, naingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, napuliza katikati ya matawi. Vumbi linapanda, linazunguka kwenye mwanga wa buluu, jingine linachukuliwa na pampu, jingine linatua tena palepale. Napuliza tena. Inanichukua dakika nne, na kona moja ya nyuma bado siifikii.